Mtoto Anayejua: Tafakuri juu ya Filamu ya "Supa Modo"

Mwaka 2018 mwongozaji wa filamu wa Kenya, Likarion Wainaina, alitoa filamu iitwayo Supa Modo. Ni filamu fupi ya dakika 74, yaani inaisha mapema kuliko ibada yetu ya Jumapili yenye ubatizo na matangazo. Mwaka huohuo ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin, kwenye kundi la filamu za watoto na vijana, na Kenya ikaichagua iiwakilishe katika mashindano ya Oscar kule Marekani. Sisi wa Ifakara tuliiona baadaye sana, kwenye ukuta wa ukumbi wa usharika, kwa projekta ya kuazima, vijana wa kwaya wamebanana kwenye mabenchi na watoto wa Shule ya Jumapili wamekaa chini mbele. Naiandikia katika kitabu hiki kwa sababu inauliza swali ambalo wachungaji, wainjilisti na wazazi tumezoea kulipita pembeni. Mtoto anayekufa aambiwe nini?

Kwa wale ambao hawajaiona, habari yenyewe ni hii. Jo ni binti wa miaka tisa, mwenye ulimi mwepesi na akili kali, ambaye ana ugonjwa usiopona. Tunamkuta hospitalini, katika wodi ya watoto wenzake walio katika hali kama yake. Anapenda filamu za mashujaa na za Jackie Chan kuliko dawa na kuliko chakula, na katika ndoto zake yeye mwenyewe ni shujaa anayeruka angani. Mama yake, Kathryn, anapoambiwa kwamba muda uliobaki ni mfupi, anamrudisha nyumbani, katika kijiji cha Maweni, ili afie kwao. Mama anataka mtoto alale, apumzike, asitoke nje. Dada yake mkubwa, Mwix, anaona kwamba Jo anafungwa kama mfungwa, basi anabuni hila: amfanye mdogo wake aamini kwamba kweli ana nguvu za kishujaa. Taratibu kijiji kizima kinaingizwa katika hila hiyo. Watu wazima wanaigiza, vijana wanaigiza, hata mpira na wizi vinapangwa ili Jo ashinde. Baadaye mambo yanageuka, na kijiji kinaamua kutengeneza filamu halisi, Jo akiwa ndiye shujaa wake. Mwisho sitausimulia.

Filamu hii ilitoka katika utaratibu wa kampuni ya One Fine Day Films, iliyoanzishwa na Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakifanya warsha Nairobi za kuwafundisha vijana wa Afrika kazi ya filamu. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ambayo wengi wenu mmeiona au mmeisikia, ilitoka hukohuko. Lakini Supa Modo haina harufu ya ugeni. Watu wanazungumza Kiswahili chao cha Kenya, wanachanganya Kikikuyu na Kiingereza, na vijana wetu walicheka mara kadhaa kwa matamshi kabla hawajanyamaza kwa jambo lenyewe. Nako kibanda cha video cha pale Maweni mtoto yeyote wa Ifakara angekitambua: chumba chenye joto, mabenchi, mwanga unaopenya kwenye nyufa, na watu wanaomshangilia mpiganaji wa Hong Kong kana kwamba ni mtoto wa jirani. Wainaina anakipenda kibanda hicho. Wachungaji wengi tumekihubiri vibaya, na pengine tulikuwa na sababu zetu, ila filamu hii inatuonyesha kitu ambacho mtoto mgonjwa alikuwa anakifuata mle ndani.

Watu wengi walioiona huisifu kwa ile hila ya Mwix. Husema: tazama upendo, tazama kijiji kilivyojitoa kwa ajili ya mtoto mmoja. Nami nimeguswa kama wao. Huwezi kuwatazama wazee wazima wakijifanya wameduwazwa na kitoto kilichofunga kitambaa mgongoni usicheke, na ukishacheka, machozi yako karibu. Hata hivyo, nikiulizwa, nasema sehemu hiyo ndiyo iliyo nyepesi zaidi katika filamu, na ingeishia hapo isingestahili kurasa hizi. Kwa maana hila ile, pamoja na uzuri wake wote, ina maswali. Inamfurahisha Jo, ndiyo. Lakini inamfurahisha nani mwingine? Kila mtu mzima anayeshiriki anapata nafuu ya namna fulani. Kwa muda wa saa moja halazimiki kumtazama mtoto machoni na kuona kile ambacho wote wanakijua. Mchezo unawaficha wao pia.

Mama ndiye anayeupinga mchezo huu, na hapa mwongozaji amefanya vyema kumfanya awe mkunga. Mwanamke huyu anawapokea watoto wa wengine duniani huku wake anaondoka. Marrianne Nungo, aliyeigiza nafasi hiyo, anautembeza mwili wake kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni, hataki tone limwagike mbele za watu. Nilipomtazama nilimkumbuka yule mama wa Shunemu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Mtoto wake amekufa magotini pake. Amemlaza juu ya kitanda cha nabii, amefunga mlango, amepanda punda. Njiani mtumishi wa Elisha anamuuliza kama mumewe na mtoto wake hawajambo, naye anajibu kwamba hawajambo. Hakusema kweli. Alilifungia neno lile kifuani mpaka alipoishika miguu ya Elisha, na hapo uchungu ukatoka. Akina mama wa bonde hili wanaifahamu safari hiyo. Ukimuuliza njiani anakwambia mtoto anaendelea vizuri, maana njiani si mahali pa kuliweka jambo kama lile. Kosa la Kathryn, kama ni kosa, halikuwa kwamba alinyamaza barabarani. Ni kwamba hata ndani ya nyumba, kwa mtoto mwenyewe, hakupata mahali pa kusema.

Lakini je, mtoto hajui?

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya kumi na mbili, mtoto wa Daudi anaugua siku saba kisha anafariki. Watumishi wanaogopa kumwambia mfalme. Wananong'onezana. Naye Daudi anapoona wananong'ona anatambua mara moja kwamba mtoto amekufa. Ule mnong'ono ndio uliompa habari. Nimewahi kulihubiri andiko hili mara nyingi kwa habari ya kufunga na kuomba, lakini siku hizi nalisoma kwa habari ya masikio. Kila mtoto anayelala mgonjwa katika nyumba ya chumba kimoja na sebule ni Daudi. Anasikia watu wakishusha sauti. Anaona shangazi aliyekuja kutoka Mahenge bila kuwa na msimu wala harusi. Anaona amenunuliwa soda katikati ya wiki. Anaona mchungaji ameingia na Biblia na chupa ya mafuta, watu wote wamesimama. Hivi kweli tunadhani anafikiri tumekuja kunywa chai?

Sisi wa bonde la Kilombero tuna historia ndefu ya mnong'ono huu. Bibi zetu hawakupenda kulitaja degedege kwa sauti mbele ya mtoto mwenye homa. Walilisema kwa kuzunguka, kwa kuogopa kuliita. Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Hapa malaria iliua watoto kiasi kwamba mama aliyezaa wanane na kubaki na wanne hakuonekana mwenye msiba wa pekee. Si bure kwamba mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alikuja kufungua maabara yake Ifakara, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwa bei nafuu katika Kilombero na Ulanga, na mwaka 2001 watafiti wakatangaza kwamba vyandarua hivyo vimeongeza kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kwa asilimia 27. Wanaosoma wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, huenda baadhi yenu mko hai kwa sababu ya chandarua kile. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Ila desturi ya kunong'ona ilibaki hata wagonjwa walipopungua. Sasa mtoto anapougua kwa muda mrefu ugonjwa ambao chandarua hakiuzuii, saratani, selimundu, moyo, tunamzungushia ule ukuta wa zamani wa sauti za chini.

Watoto wetu, tena, si wageni wa dunia. Filamu nyingi kutoka nje huonyesha utoto kama bustani yenye uzio, halafu siku moja uzio unavunjika na mtoto anapoteza usafi wake wa moyo. Sijui bustani hiyo ilikuwa wapi katika bonde letu. Mvua zikianza, familia zinahamia mashambani kwenye mpunga, mbali na barabara, na zinakaa huko miezi. Mtoto wa miaka minane anashinda juu ya dungu akiamia ndege, kwelea wakishuka kama wingu, sauti yake ikikauka kwa kupiga kelele. Ameona mafuriko yakichukua kazi ya msimu mzima. Ameona mama akijifungulia shambani. Ameona ndama akifa, na pengine ameona mdogo wake akifa. Kisha anarudi kijijini, anaugua, nasi tunasema: mdogo huyu, asiambiwe, ataogopa.

Supa Modo inalijua jambo hili, na ndipo inapokuwa filamu kubwa. Jo si mjinga kama walivyodhani. Inadhihirika kwamba mtoto anajua hana nguvu zozote, na anajua anakwenda wapi. Stycie Waweru, binti aliyeigiza nafasi hii, ana uso ambao muda wote unaonekana kama unafikiri hatua moja mbele ya wakubwa, hata ukirudia kuitazama filamu mara ya pili unaanza kujiuliza ni tangu lini alikuwa anajua, na kama muda wote ule yeye ndiye aliyekuwa akiwatunza wao. Usafi wa moyo tuliodhani tunamlindia mtoto ulikuwa wetu. Sisi ndio tuliohitaji aendelee kutojua.

Angalieni sasa kinachotokea baada ya hapo, kwa maana wengi hawakioni. Mtu angetarajia kwamba ukweli ukishatoka, furaha itakufa. Shujaa amevuliwa nguo yake, kijiji kimeumbuka, kilichobaki ni kitanda na kungoja. Kinyume chake, furaha inaongezeka. Wanaamua kutengeneza filamu. Ni Jo yuleyule, ushujaa uleule, majirani walewale, na kwa macho ya mtu apitaye njiani hakuna tofauti na jana. Tofauti iko hapa: jana upande mmoja ulijua na mwingine ulidhaniwa haujui. Leo wote wanajua. Jana ulikuwa uongo wenye sura ya mchezo, leo ni mchezo wenyewe, na mtoto ndiye aliyeuchagua. Anaweza kusema anachotaka katika hadithi. Anaweza kuchoka na kusema amechoka. Anaweza kufanya mzaha juu ya ugonjwa wake bila watu kugeuza nyuso. Kabla ya hapo alikuwa peke yake na siri yake katikati ya kijiji kilichomshangilia. Sidhani kama kuna upweke unaozidi huo.

Baba yetu wa Matengenezo, Martin Luther, alizika mabinti wawili. Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa bado mchanga. Magdalena alifariki tarehe 20 Septemba 1542, akiwa na miaka kumi na mitatu, nyumbani kwao Wittenberg. Waliokuwepo waliandika yaliyotukia. Luther alipiga magoti kando ya kitanda akilia na kuomba, kisha akamuuliza binti yake waziwazi kama angependa kubaki hapa na baba yake huyu, au kama yuko radhi kwenda kwa Baba yule mwingine. Magdalena akajibu kwamba iwe kama Mungu atakavyo. Hakumficha. Alimuuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake kuhusu safari ambayo wote wawili wanaiona. Alifia mikononi mwa baba yake, mama yake, Katharina, akiwa katika chumba hichohicho lakini mbali kidogo na kitanda, kwa uchungu.

Kuna kipande kingine cha habari hii ambacho ni nadra kukisikia mimbarani. Majuma mawili kabla, Luther alimwandikia mwalimu mmoja wa Torgau, Marcus Crodel, ambako mwanawe mkubwa, Hans, alikuwa anasoma. Magdalena alikuwa akimtamani sana kaka yake. Luther akatuma gari la farasi limlete, na katika barua ileile akamsihi mwalimu asimwambie Hans sababu ya kuitwa. Basi huyu aliyemwambia binti ukweli wote alimficha mvulana. Mimi sioni kwamba alijipinga. Njia ilikuwa ndefu, na kijana angesafiri peke yake na habari ile bila mkono wa kumshika. Alifichwa njiani ili aambiwe nyumbani, mbele ya kitanda, palipo na watu wa kulia naye. Hapo ndipo ninapoona mpaka. Kunyamaza kwa mzazi kunaweza kuwa huruma pale kunapongoja mahali pa kusemea. Kukigeuka kuwa njia ya kutosema kabisa, kumekuwa kitu kingine, na mtoto atalipa gharama yake.

Nilimjua bibi mmoja ng'ambo ya Mto Kilombero, siku zile tulipokuwa tunavuka kwa kivuko kabla daraja halijafunguliwa. Hakuwa msomi na hakuwahi kusikia habari za Torgau. Mjukuu wake alimuuliza kama atarudi shule muhula ujao. Watu wote chumbani walijibu kwa pamoja kwamba atarudi, bila shaka atarudi, na mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Bibi akangoja wamalize. Halafu akamwambia kwamba hadhani, lakini kwamba hatamwacha, leo hayuko mahali pengine na kesho hatakuwa mahali pengine. Mtoto hakulia. Aliuliza daftari zake apewe nani. Wakaongea habari za daftari mpaka jioni.

Nasema haya nikijua kwamba siku hizi ukweli wa namna ile unaitwa ukosefu wa imani. Redio zetu na viwanja vyetu vimejaa wahubiri wanaotangaza uponyaji kabla hawajauliza jina la mgonjwa, na mtindo huo umeingia hata kwetu. Tunakemea, tunatangaza, tunamwambia mtoto aseme amepona. Ndugu zangu, hiyo ni hila ya Mwix bila upendo wa Mwix. Naamini Mungu huponya. Nimeomba kwa ajili ya wagonjwa na nitaendelea kuomba. Lakini mtoto akishaamrishwa kusema kwamba amepona, maumivu yakizidi usiku atamwambia nani? Akisema anaumwa, ameikana imani. Tumemfunga mdomo kwa jina la Yesu. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alimtofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba kwa jambo hilihili: wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Tunaifundisha hoja hiyo chuoni kana kwamba ni ya mtihani. Mahali pake hasa ni kando ya kitanda.

Turudi kwenye filamu, kwa maana nayo ina udhaifu wake, na sipendi tuisifu kwa upofu. Kijiji cha Maweni kinakubaliana kwa urahisi mno. Nimekaa kwenye vikao vya wazee wa kanisa vilivyoshindwa kukubaliana rangi ya milango, sembuse kuigiza kwa pamoja mbele ya mtoto wiki baada ya wiki. Kifo cha Jo pia kinakaribia kwa upole kupita kiasi. Harufu ya chumba cha mgonjwa haipo, wala ule ukali wa mtoto mwenye maumivu anayemsukuma mama yake na kumwambia maneno mabaya. Na fedha! Kwetu, ugonjwa mrefu wa mtoto kwanza ni hesabu: nauli ya basi hadi Morogoro au Muhimbili, shamba la mpunga lililokodishwa, ng'ombe aliyeuzwa, ndugu walioacha kupokea simu. Watoto wakubwa wa nyumba hiyo huacha shule, na hapo kuna utoto mwingine unaopotea kimyakimya, wa yule asiyeumwa. Filamu inamgusa Mwix kidogo kwa upande huo, kisha inapita. Ningependa iketi naye zaidi. Dada wa mgonjwa huwa hana anayemwombea.

Lakini udhaifu huo hauondoi swali lake, na kwetu Walutheri swali hilo linafika hadi madhabahuni. Jo ana miaka tisa. Kwa desturi yetu mtoto wa miaka tisa hajapata Kipaimara, na asiyepata Kipaimara hapewi Meza ya Bwana. Tunasema hajafikia umri wa kuelewa. Nimekwenda nyumba kwa nyumba na chombo cha ushirika kwa ajili ya wazee wagonjwa, nikamhudumia babu kitandani huku mjukuu mgonjwa zaidi yake amelala kwenye mkeka uleule akitazama mkate unavyopita juu ya kichwa chake. Kuelewa nini ambako hakuelewi? Anajua mwili unavyovunjika, anajua maana ya kupewa kitu na mtu anayekwenda kufa, anajua maana ya kuachwa na ya kutoachwa. Maswali ya Katekisimo hajayakariri, ni kweli. Naona kwamba mtoto aliyebatizwa, anayekabili mauti na kutamani kushiriki, apewe, na kwamba jambo hili lastahili kuletwa kwenye vikao vyetu waziwazi badala ya kila mchungaji kuliamua gizani. Wako watumishi wenzangu wasiokubaliana nami, na sababu zao naziheshimu: utaratibu wa mafundisho si kitu cha kuchezea. Ningewaomba tu waitazame filamu hii kwanza, kisha tujadiliane.

Marko, sura ya tano, anasimulia habari za binti Yairo, mwenye miaka kumi na miwili. Nyumba imejaa waombolezaji na kelele, wote wakizungumza juu ya mtoto. Yesu anawatoa nje. Anabaki na baba, mama na wanafunzi watatu, anamshika mkono, na anazungumza na mtoto mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno ambayo Marko aliyahifadhi vilevile bila kuyageuza Kigiriki kwanza. Kisha anaagiza apewe chakula.

Wazazi kadhaa wameniuliza kama ni sawa kuwaonyesha watoto filamu hii. Nawajibu kwamba ni sawa, kuanzia umri wa Jo mwenyewe, ila wasiachwe peke yao mbele ya televisheni huku mama yuko jikoni na baba yuko kwenye simu. Kaeni nao. Pale ukumbini, ilipoisha, watu wazima waliharakisha kuwasha taa na kukusanya mabenchi. Watoto ndio waliobaki wamekaa chini. Mmoja akauliza kama Jo alikuwa anaogopa, na mwenzake, kabla sisi hatujapata la kusema, akamjibu kwamba mwanzoni aliogopa, lakini walipoanza kumwambia kweli hakuogopa sana.